Kigoda, Ketamini na Ncoolo ya Pili

Siku nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, blanketi, na keki iliyoandikwa "Hongera Sista Waweru". Mimi ni Wawira. Nilikula kipande changu bila kulalamika, maana keki ilikuwa nzuri na Waweru, popote alipo, hakuitwa. Sasa mmeniandikia kwamba wauguzi wapya wa wodi ya akili wanataka niwaeleze nilifanyaje kazi hii miaka yote bila mimi mwenyewe kuchanganyikiwa. Naona mmeshajijibu. Hata hivyo nitaandika. Vyeo nitaviruka, na mshahara pia, kwa sababu hata ulipokuwa ukiingia sikuwahi kuuona vizuri.

Kwetu ni Manyatta, upande wa Embu, mahali ambapo mtoto hujua kuchuma majani chai kabla ya kujua kusoma. Nilipomaliza chuo cha uuguzi nilipelekwa hospitali ya Embu, na kwa kuwa nilikuwa na mwili mkubwa wakaniweka wodi ya akili. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa. Nilifika asubuhi na kofia yangu nyeupe imesimama kichwani, funguo zikinilia kiunoni kama kengele ya mbuzi. Ndani nilimkuta mgonjwa mmoja amesimama kwenye dirisha, amerusha kikombe cha uji ukutani na anatafuta kingine. Nikasimama mbele yake nikamwamuru atulie, kwa Kiswahili cha mtihani. Akanitemea mate.

Mtu aliyekuja kuniokoa alikuwa afisa wa kliniki wetu, Bwana Mbogo, mzee mfupi wa maneno machache aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Alikuja na kigoda cha mti wa muringa, akakiweka karibu na dirisha, akaketi. Hakumwambia mgonjwa chochote. Alianza kusugua goti lake na kulilaumu kwa Kiembu, kwamba limemsaliti kwenye mteremko wa kutoka kanisani. Aliendelea kulisema lile goti mpaka mgonjwa akageuka kumtazama, na baadaye akaketi sakafuni akauliza ni goti la kushoto au la kulia. Ndipo Bwana Mbogo akaniambia nilete uji mwingine.

Baadaye alinieleza sheria zake. Zilikuwa mbili tu, na sijaongeza ya tatu. Ya kwanza: ukienda kwa mgonjwa wa akili, keti, na uketi chini kuliko yeye. Aliyeanguka huwezi kumwita kutoka juu ya mti. Ya pili: jina la mgonjwa liache getini unapotoka. Usilibebe sokoni wala kanisani, wala usimpelekee mumeo. Aliniambia pia nifunge kitambaa kwenye zile funguo zisilie, kwa sababu sauti hiyo humkumbusha mtu kila dakika kwamba amefungiwa. Jioni hiyo nilikata kitambaa cha leso yangu. Alipostaafu aliniachia kile kigoda, akasema goti lake limekataa kabisa kushuka mpaka pale.

Nilihamia Meru kwa sababu niliolewa Nkubu. Wameru walinipokea vizuri, wakanicheka Kimeru changu kwa miaka mingi, nami nikawaambia kwamba kwetu Embu watu huongea bila kugombana. Walikataa jambo hilo kwa kelele. Nimewapenda sana watu hawa.

Kazi ilikuwa ile ile. Enzi hizo tulikuwa na dawa chache, na nyingine zilimfanya mgonjwa aungue na jua kama mzungu, kwa hiyo tuliwatafutia kofia kabla ya kuwapeleka shambani. Dawa zikiisha tulibaki na chai na maneno, na nawaambia wapya: msidharau chai. Nilijifunza kutomwogopa anayepiga kelele, kwa sababu anayepiga kelele bado anadai kitu. Walionishinda ni wale walionyamaza.

Mmoja wao alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi karibu na Nkubu. Nitamwita Kathure, si jina lake, na haya yote amekubali niyaandike. Alikuja kliniki akitembea mwenyewe, sketi imepigwa pasi, mkoba mapajani. Mumewe, Mwenda, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alibaki nje akishika kofia. Nikavuta kigoda changu nikaketi. Nilikuwa na maswali yangu ya kawaida, likiwamo lile gumu, lakini aliniwahi.

"Sista, usiandike ati nataka kufa," akasema. "Sitaki kufa. Ni vile sitaki kitu yoyote. Chai sitaki. Watoto wangu wakicheka naona tu midomo. Hata kulia sitaki."

Tulimtibu kwa kila kilichokuwa kabatini, na visivyokuwamo tukaviagiza Nairobi. Dawa ya kwanza ilimpa usingizi, ya pili ikamwondolea, nyingine ikamfanya anenepe na asijali kwamba amenenepa. Kila moja ilimnyanyua kidogo kisha ikamwachia. Alihudhuria ushauri bila kukosa, kama mwanafunzi mzuri asiyeelewa somo. Hata katika hali hiyo, nilipomwandikia tarehe ya kurudi iliyoangukia Jumapili, alinisahihisha. Nilirudi nyumbani siku hizo nimejaa uchungu, na jina lake nimeliacha getini kama nilivyofundishwa, lakini sura yake ilipita nami.

Mwenda na mkewe waliwaambia watu kwamba ni vidonda vya tumbo. Ugonjwa wa akili nyumbani una majirani wengi, na Kathure alikuwa na mabinti. Hata ndugu yake mkubwa kule Kangeta, aliyempenda kuliko wote, hakuambiwa.

Miaka yangu ya mwisho kazini akaja Daktari Makena, daktari wa akili, mdogo kwa umri na mwepesi kwa miguu, binti wa mji wa Maua. Ndiye aliyenieleza kuhusu ketamini. Ketamini mnaijua, iko kwenye kabati la upasuaji tangu nikiwa mwanafunzi, na wengi wa Meru waliovunjika miguu wameshonwa wakiwa wamelazwa nayo. Makena alisema kwamba ikitolewa kidogo kidogo kwa dripu, huyeyusha fahamu kwa muda mfupi, mtu akajiona yuko mbali na mwili wake, na kwamba wengine ambao hawakusaidiwa na dawa zote wanarudi kutoka huko wamepata nafuu. Wengine, alisisitiza, si wote. Chuo kikuu kimoja kilitaka kufanya utafiti huo katika hospitali yetu, na baadaye labda kuangalia dawa nyingine za jamii hiyo, hata zile za uyoga. Mimi nilishangaa. Tulifundishwa kwamba mgonjwa akiona visivyokuwapo tumkimbizie sindano, na sasa tungemwekea dripu ili avione.

Lakini afya ni ya kaunti siku hizi, na kaunti haikuwa na sera juu ya utafiti wa dawa zinazogeuza fahamu. Bila sera iliyopitishwa na bunge la kaunti, chuo kingeenda kwingine. Ikaundwa kamati: Makena, wakili wa kaunti, watu wa famasi, kasisi mmoja, nami niwakilishe wauguzi. Nilikuwa nachukia kamati, na sijabadilika. Ila kila mkutano niliketi nikijua kwamba kuna mtu karibu na Nkubu ambaye kabati langu limemwishia, na kwamba karatasi hii ikipita, huenda mlango mmoja ukafunguka. Kwa hiyo nilivumilia hata wakili alipotumia asubuhi nzima kujadili maana ya neno "husika".

Sheria inataka wananchi waulizwe. Tulizunguka na rasimu yetu mjini na Nkubu, watu wakauliza maswali, tukajibu, tukanywa soda. Kisha tukaenda Kangeta.

Kangeta ni soko la miraa. Miti ya pale imesomesha watoto, imejenga makanisa na kuwapa watu talaka. Tulikuta ukumbi umejaa mpaka madirishani, na hakuna aliyetusalimia. Makena alikuwa bado anatafuta waya wa kompyuta yake wakati mwenyekiti wa wakulima wa miraa aliposimama. Nilimjua kabla hajatajwa, kwa sababu alikuwa na paji la uso la dada yake Kathure. Nitamwita Kaburu. Mrefu, koti la suti, shavu moja limevimba kwa miraa, na rasimu yetu mkononi imepigiwa mistari.

"Daktari, mimi nimesoma hii karatasi yenu yote," akasema. "Hapa inasema mimea yote inageuza hali ya akili itaandikishwa na kaunti. Sasa mimi nauliza, miraa inageuza nini, miguu? Ng'ambo walitufungia soko hivi hivi. Walianza na utafiti."

Ukumbi ulinguruma. Na kusema kweli alikuwa amesoma sawasawa. Kifungu hicho tulikuwa tumekitoa kwenye sera za nchi nyingine ambako hakuna Kangeta, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kwetu kuna mti. Wakili akaanza kueleza nia ya kifungu. Kaburu akamwinulia mkono.

"Na hao wagonjwa mnasema mnataka kusaidia, wako wapi?" akauliza. "Hapa kwetu hatuna watu wa hivyo. Wakuje tuwaone."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilishika kiti changu kwa mikono miwili. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, lina jina na nguo zilizopigwa pasi, na lilikuwa limezaliwa tumbo moja na yeye. Nililimeza. Katika kazi yangu yote sijawahi kumeza kitu kigumu kama kile, na wapya naomba mjue kwamba kunyamaza pia ni kazi, tena haina posho.

Mkutano ulivunjika. Mwakilishi wa wadi aliahidi hadharani kwamba rasimu hiyo ikifika bungeni itazikwa, na wenzake wa Igembe, eneo lile la Kangeta na Maua, wakaitikia. Kwenye gari, tulipokaribia mjini, Makena alijipiga paji la uso. Alisema tumekwenda kwa watu wa Igembe kuomba jambo kubwa na hatukubeba ncoolo, na yeye ni mtoto wa Maua, babake angemcheka. Akanieleza mimi mgeni. Ncoolo ni kitita cha miraa teule, inayokatwa kwenye miti mikongwe wanayoiita mbaine, ikafungwa kwa ustadi ndani ya jani la mgomba. Kijana huibeba anapokwenda kuomba mke. Mwenye kosa huibeba anapoomba kusikilizwa. Inabebwa na mwanamume, na aliyeipokea hawezi kukufukuza kabla hujamaliza maneno yako. Sisi tulikuwa tumebeba maji ya chupa.

Juma lililofuata Kathure alikuja kliniki na kunipa zawadi. Ilikuwa bahasha, na ndani kalamu zake nyekundu, zile za kusahihishia, nyingine hazijafunguliwa. Alisema zitanifaa. Nilipomuuliza Mwenda pembeni, akaniambia kwamba amegawa pia jembe lake na vitenge vyake kwa majirani, na kwamba yeye alidhani ni dalili ya kupona. Mwalimu anayegawa kalamu zake nyekundu hapunguzi tu vitu nyumbani.

Nilirudi kwenye kigoda nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Nanyi mwulizeni mtu hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hana, na mara nyingi humtua mzigo. Kathure akasema hajapanga kitu, anapunguza mizigo tu ili wengine wasipate kazi. Tulimlaza siku hiyo hiyo. Mwenda alikuja kila siku baada ya kukamua, akaketi kando ya kitanda akinuka maziwa, akimweleza habari za ng'ombe mmoja mmoja, na Kathure akitazama ukuta.

Redio iliyokuwa dirishani pa wauguzi ndiyo iliyosema. Walirudia maneno ya mkutano wa Kangeta, sauti yenyewe ya Kaburu. Nilikimbia kuizima, nikachelewa. Kathure alikuwa ameketi kitandani.

"Huyo ni Kaburu," akasema. "Ati hakuna watu kama mimi."

Nikaketi. Akaniuliza kama ni kweli kwamba hiyo karatasi ikipita kuna dawa ambayo wangeweza kujaribiwa nayo watu kama yeye. Nikamwambia ninavyojua: kwamba labda, na kwamba labda isimsaidie, na kwamba hata kuingia kwenye utafiti ni mpaka vipimo vikubali. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kwa pamoja tangu nimjue.

"Mwenda apeleke ncoolo. Kaburu bila ncoolo hasikii. Aambiwe yote, nimekubali. Na wewe uende naye, Sista, umwelezee dawa, lakini uvumilie, huyo mtu anauliza maswali kama mkaguzi wa shule."

Mwenda alihangaika kuitafuta hiyo ncoolo. Hakutaka ya sokoni. Alikwenda mwenyewe kwa mzee mwenye mbaine akasimama chini ya mti mpaka ilipokatwa. Akavaa koti lake la harusi, ambalo lilimbana mabegani. Tulifika kwa Kaburu mchana, tukampata chini ya miti yake, na alipomwona shemeji yake amesimama langoni amekumbatia kile kitita cha kijani kwa mikono miwili, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Shemeji, unataka kuoa tena?" akasema. "Mimi nilikuwa na dada mmoja tu, na huyo nilikupatia."

Ni kweli, baba yao alikuwa ameshafariki wakati wa posa, na Kaburu ndiye aliyeipokea ncoolo ya kwanza. Mwenda si msemaji. Alimkabidhi kitita, akangoja mpaka amekishika sawasawa.

"Ni huyo huyo," akasema. "Ile ya kwanza nilileta nikiomba mnipatie. Hii nimeleta nikiomba mnisaidie asiende."

Kaburu aliacha kucheka. Aliketi kwenye kiti chake, kitita mapajani, akasikiliza kila kitu, vidonda vya tumbo ambavyo havikuwa vidonda, dawa, kalamu, kitanda cha wodini. Mwenda alisimulia polepole, macho chini. Alipomaliza, Kaburu aliuliza swali moja tu kwanza.

"Ni kama mama?"

"Ni kama mama," Mwenda akajibu.

Mimi sikuwa na habari ya mama. Niliambiwa baadaye kwamba alikaa miaka mingi kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa, na watoto wakaambiwa amechoka, na kwamba siku moja Kaburu, akiwa na kaptula ya shule, ndiye aliyekwenda kumwamsha, naye hakuamka. Kaburu akatoa miraa mdomoni, akaiweka kwenye jani kando yake. Hakuirudia tena mchana ule.

Walikuwa wamenipa kiti cha sofa. Niliondoka nikaketi kwenye kibao cha jikoni karibu na miguu yake, naye akaniuliza maswali kama mkaguzi wa shule. Kama dawa itamlevya. Nikasema ndiyo, kwa muda mfupi, na presha hupanda, ndiyo maana hupimwa muda wote. Kama itamponya. Nikasema sijui. Niliona hilo limempendeza kuliko yote niliyosema. Akauliza ataenda wapi huko mbali. Nikasema hata wanaorudi hawaelezi vizuri.

"Na akirudi, atakuta nani hapo?"

Nikamwambia rasimu inasema mhudumu wa zamu.

"Zamu hubadilishwa," akasema Kaburu.

Na mimi ndiye niliyebeba kigoda miaka yote hiyo. Kwenye kamati tulikuwa tumeandika dozi, mashine, kabati lenye kufuli mbili, na tukasahau mtu wa kuketi.

Mkutano wa pili wa Kangeta ulianza kwa ncoolo. Ililetwa na wakili wetu, kwa kuwa ndiye mwanamume mkubwa kwenye kamati, naye kabla ya safari aliuliza itanunuliwa kwa kifungu gani cha bajeti. Iliandikwa "vifaa vya mkutano". Aliibeba kama mtoto wa mtu mwingine, lakini aliibeba, na wazee wakaipokea. Makena akasoma kifungu kipya: sera haihusu miraa, wala mkulima wake, wala muuzaji wake, na inahusu tu dawa zinazotafitiwa hospitalini kwa mgonjwa aliyekubali. Kisha Kaburu akasimama, na ukumbi ukatulia kwa sababu shavu lake halikuwa limevimba.

"Mara ile niliuliza wagonjwa wako wapi," akasema. "Mmoja ni dada yangu. Amenituma niwaambie."

Hakuongeza chumvi. Alisema kwamba miraa imeshatoka kwenye karatasi na hilo lilikuwa haki yetu, si zawadi. Akasema kuna jambo moja limebaki: mgonjwa akipelekwa huko mbali, pembeni yake aketi mtu aliyemchagua mwenyewe, na mtu huyo asitoke mpaka arudi. Liandikwe. Nyuma kabisa mama mmoja akasimama akasema ana kijana nyumbani hajatoka nje tangu mvua zilizopita. Mwanamume mwingine akasimama, akavua kofia tu. Nilihesabu waliosimama kisha nikaacha, machozi yalikuwa yananizuia kuona. Na Makena akaliandika pale pale. Bungeni walikiita kifungu cha Kangeta, na rasimu ilipita, pamoja na neno "husika".

Nilidhani sasa kazi imekwisha. Sera ya kaunti ni ufunguo wa lango. Bado kuna milango ya Nairobi, vibali vya maadili na vya dawa, na Nairobi haina haraka. Kathure aliruhusiwa kurudi nyumbani, akiwa chini ya macho ya Mwenda, ya mabinti ambao sasa waliambiwa ukweli, na ya Kaburu aliyekuja kila juma kuketi naye bila la kusema. Mimi nikastaafu, nikala keki ya Waweru, nikarudi kwa kuku wangu. Kalamu nyekundu nilizitunza kwenye kabati la vikombe. Siwezi kuwaficha kwamba kuna siku nilizitazama nikaogopa simu.

Simu ilipokuja ilikuwa ya Makena. Vibali vimetoka, Kathure amepimwa na kukubaliwa, na anauliza kama naweza kuwapo, si kwa kazi. Nikabeba kigoda.

Aliyemchagua kuketi naye alikuwa Kaburu. Sote tulishangaa, na Kaburu kuliko sisi. Kathure alisema Mwenda ameketi vya kutosha. Nikamwonyesha Kaburu kigoda, akauliza kama hakuna kiti kirefu. Nikamwambia hakuna. Akakunja ile miguu mirefu akaketi, magoti karibu na masikio, mtu ambaye sijawahi kumwona amenyamaza kwa muda wa kuchemsha yai. Mlango ukafungwa, ukiwa na kioo kidogo. Ndani alikuwapo daktari, muuguzi, mashine ya presha, na dripu.

Ninyi wapya mtauliza ndani ya dripu kulikuwa na nini. Utafiti wenyewe ulivyopangwa, wengine walipewa ketamini na wengine dawa nyingine ya kulaza tu, na pale wodini hakuna aliyejua nani kapata ipi. Mpaka leo sijui. Najua pia kwamba nafuu inaweza kuja na kuondoka, na kwamba bado atahitaji wodi hii, kwa hiyo mtendeeni vizuri. Ninayoweza kuwaeleza ni niliyoyaona kwenye kioo: Kathure amefumba macho, mkono wake umeanguka nje ya shuka, na Kaburu ameushika kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kifaranga, na hakuuachia hata mguu wake ulipoonekana kufa ganzi.

Mimi na Mwenda tulikaa kwenye benchi la korido. Kofia yake aliizungusha mikononi mpaka ukingo ukajikunja.

Hatimaye mlango ukafunguka. Muuguzi alikuwa ameshamkubalia Kaburu atoke, na alitoka akichechemea, kigoda mkononi. Mwenda akasimama.

"Amesema anataka uji," Kaburu akasema.

"Amesema anataka?"

"Anataka. Wa wimbi. Na ati usikoroge wewe, wako una mabonge."

Mwenda aliondoka mbio kuelekea langoni, kofia imebaki kwenye benchi. Kaburu aliweka kigoda sakafuni pale pale katikati ya korido, akaketi juu yake, akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika. Wahudumu walimpita na vitoroli vyao. Magoti yangu si kama ya zamani, lakini niliyashusha polepole, nikaketi sakafuni, chini yake kidogo.